Uliza Soka: Mchezaji wa daraja la nne Uingereza anaishije?

Wasomaji mambo vipi huko. Toka ule usiku wa Agosti 2025 Grimsby, timu ya daraja la nne, ilipowatoa Manchester United kwa matuta 12-11 kwenye Kombe la Ligi, vijiwe vya huku kwetu havijapoa. Mi nilikuwa banda umiza moja la Mwanjelwa, baridi inakata masikio, mashabiki wa United wamevuta kofia za makoti mpaka usoni, sijui ni baridi sijui ni aibu. Kesho yake maswali yakaanza kuja, hao Grimsby ni akina nani, wanalipwa nini, na sisi tunaingiaje huko. Yamekuja mengi, nimechukua haya.

Kamwene kaka. Mi ni beki wa kushoto, nina miaka 22, nipo timu ya Championship ya hapahapa Bongo. Mshahara unakuja ukijisikia. Nikiwaona wale wa League Two kwenye tivii nasema hawa wamemaliza maisha. Ni kweli au macho yangu? Wa Mafinga

Kamwene sana mdogo wangu. Kwanza tuweke sawa majina maana hapo ndo ugomvi wa vijiweni unapoanzia. Premier League timu 20, chini yake Championship 24, af League One 24, af League Two 24, jumla 92. Kwa hiyo League One ni jina tu, ni daraja la tatu, na League Two ni la nne, sawa na mtu anaitwa Tajiri af anauza karanga stendi. Chini ya hapo kuna National League, ukizidi kushuka unakutana na beki ambaye mchana anafunga nyaya za umeme kwenye nyumba za watu, saa 1 usiku yuko mazoezini.

Sasa maisha yenyewe. Mtoto akifika miaka 16 klabu inamchukua kama mwanafunzi wa soka, miaka miwili, anapewa posho, anasoma kidogo anacheza sana. Akikaribia 18 anaitwa ofisini. Anaambiwa unapewa mkataba au anaambiwa asante. Wengi wanaambiwa asante, na hapo kumbuka hao ni watoto ambao tangu wana miaka 8 au 9 mtaa mzima unawaita mwanasoka. Anayebaki anapewa mwaka mmoja, akibahatika miwili, na mikataba yao kawaida inaisha tarehe 30 Juni. Ndo maana Mei kule ni mwezi mbaya kuliko njaa ya Februari huku kwetu mahindi hayajakomaa, klabu inatoa orodha hadharani, hawa wanabaki, hawa wanaondoka, na we una mke, una mtoto, una kodi ya nyumba, jina lako unaliona kwenye simu kama mtu mwingine yeyote.

Mfano mzuri ni Adebayo Akinfenwa, yule jamaa mnene mwenye nguvu za trekta. Alianzia Lithuania huko, akazunguka madaraja ya chini miaka na miaka. Mei 2016 yuko Wembley na AFC Wimbledon, fainali ya kupanda daraja dhidi ya Plymouth, anafunga penati dakika za mwisho, 2-0, timu imepanda League One. Sherehe! Dakika chache baadaye yupo mbele ya kamera, jezi imeloa jasho, anasema sa hivi sina kazi, kocha yeyote anitafute WhatsApp. Watu walicheka sana, ila hakuwa anatania, mkataba ulikuwa umeisha kweli. Wycombe wakamchukua, 2020 akapanda nao mpaka Championship, akastaafu 2022 ana miaka 40. Hapo tunaongelea mtu aliyefanikiwa.

Najua utaniambia Jamie Vardy, yule mshambuliaji. Kila mtu ananiambia Vardy. Ni kweli, aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akawa anachezea Stocksbridge Park Steels kwa paundi 30 kwa wiki, kama laki moja yetu hivi, mchana yupo kiwandani wanatengeneza vifaa vya kufungia viungo vya wagonjwa. 2012 Leicester wakamnunua paundi milioni moja kutoka Fleetwood, 2016 ni bingwa wa Uingereza. Na Rickie Lambert naye, Blackpool walimwacha, akaenda kiwanda cha viazisukari vile vyekundu kufunga vifuniko vya chupa, 2013 akaichezea England dhidi ya Scotland akafunga kwa mguso wake wa kwanza, kwa kichwa. Hadithi tamu hizi. Lakini mbona ni walewale wawili watatu tunaorudia kila mwaka? Mi nampenda zaidi Pelly-Ruddock Mpanzu, mtoto wa Kikongo kazaliwa London, aliingia Luton wakiwa nje kabisa ya zile timu 92, akapanda nao ngazi moja moja, 2023 wakafika Premier League, mchezaji wa kwanza kutoka huko chini mpaka juu na klabu ileile. Hakuhama, hakuuzwa bei mbaya, alikuwa anaamka tu anaenda kazini.

Kwa hiyo macho yako hayajakosea sana ila yameona upande mmoja. Wanachokuzidi wale siyo utajiri, ni karatasi. Chama chao cha wachezaji kilianzishwa 1907, na mpaka 1961 klabu zilikuwa na sheria kwamba hakuna mchezaji kulipwa zaidi ya paundi 20 kwa wiki hata awe nani, wachezaji wakatishia kugoma nchi nzima ndo ikafutwa. Leo beki wa kushoto wa League Two akivunjika mguu mshahara unaendelea kuingia anapouguza, kipo kwenye mkataba. Mi goti langu lilipozunguka pale Sokoine, nilibebwa na wenzangu wawili mpaka kwenye bajaji, nauli nikalipa mwenyewe, af wiki mbili mchua mmoja wa Mbalizi ananikanda na samli na mimi napiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Mkataba wangu ulikuwa ukurasa mmoja na nakala sikupewa.

Na kule pia kunaungua usidhani ni peponi. Bury, klabu ya tangu 1885, mabingwa wa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, wachezaji wakakaa bila mshahara na Agosti 2019 klabu ikafukuzwa kwenye ligi, watu wakatafuta timu siku za mwisho za usajili kama abiria wa basi lililoharibika Kitonga.

We nakuuliza, nakala ya mkataba wako unayo? Siyo picha kwenye simu ya meneja, unayo wewe? Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asipolipwa miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, anaipa siku 15, ikikaa kimya ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Usikurupuke lakini, chukua karatasi zako uongee na SPUTANZA, chama cha wachezaji wa hapa kwetu, au na mtu wa sheria kabla hujamwandikia mtu barua ya hasira.

Mbona wale wanalipwa kwa wiki sisi kwa mwezi? Njombe

Ni lugha tu ya mpira wao, zamani walikuwa wanachukua bahasha kila wiki kama vibarua wa kiwandani, wakabaki na hesabu hiyohiyo. Siku hizi wengi hela inaingia benki kwa mwezi kama ya mwalimu.

Mjomba nisaidie. Mi naendesha bajaji, kituo Kabwe. Nimebishana na abiria kuanzia Mafiati, yeye anasema Mtanzania aliyewahi kucheza soka la kulipwa Uingereza ni Samatta peke yake, mi nasema wapo wengine huko chini. Tumebishana mpaka nimempitiliza Soweto. Nani mshindi?

Mshindi ni wewe, na huyo abiria akulipe nauli ya kupitilizwa.

Samatta ni wa kwanza Premier League, hilo hamna ubishi, Aston Villa Januari 2020, akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi na Bournemouth, Machi 1 akaifunga Manchester City fainali ya Kombe la Ligi ingawa Villa walilala 2-1. Lakini huko chini wapo. Adi Yussuf kazaliwa Zanzibar 1992, kakulia kwenye akademi ya Leicester, af sasa vuta pumzi, Burton, Lincoln, Mansfield, Grimsby, Barrow, Solihull Moors, Blackpool, Chesterfield, na hapo kuna nyingine nimeziruka. Ndiyo, Grimsby haohao. Taifa Stars alishaitwa. Ukiiangalia hiyo orodha usione timu tu, ona maboksi. Kila jina ni kuhamisha vyombo, kutafuta nyumba ya kupanga, kujuana na watu upya, na kocha mpya ambaye ana mshambuliaji wake tayari.

Yupo Haji Mnoga, damu ya kwetu, kazaliwa Portsmouth 2002 na akakulia klabu ya hapohapo nyumbani, wakawa wanamtoa kwa mkopo, Bromley, Gillingham, Aldershot, baadaye akatua Salford City ya League Two. We mtu wa bajaji hii ya mkopo utaielewa haraka kuliko wachambuzi wa redioni, mchezaji wa mkopo ni deiwaka. Chombo siyo chako, bosi wako ni mwingine, unapiga kazi barabara ya watu, ukifanya vizuri sifa zinarudi kwa mwenye mali, na asubuhi yoyote unaweza kuambiwa lete ufunguo. Tofauti ni kwamba yeye hapeleki hesabu jioni.

Na wa tatu ni Tarryn Allarakhia. Januari 2024 kule Ivory Coast kwenye AFCON alikuwa kikosi kimoja na Mnoga, yeye akiwa Wealdstone, daraja la tano. Tulifungwa 3-0 na Morocco, sare 1-1 na Zambia, 0-0 na Congo, tukarudi. Mi kilichonikaa kichwani ni kile chumba cha kubadilishia nguo. Kapteni ni Samatta aliyefunga goli Anfield, uwanja wa Liverpool, kwenye Klabu Bingwa Ulaya, pembeni yake anafunga kamba za viatu mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anacheza kwenye uwanja mdogo wa daraja la tano. Jezi ileile.

Abiria wako mwambie pia Carlisle na Plymouth wamewahi kuwa ligi moja, ni zaidi ya kilomita 600 kwa basi, mechi 46 kwa msimu, nyingine Jumanne usiku. Siyo Mbeya–Dar, lakini mtu anashuka mgongo umekauka vilevile.

Ndugu mwandishi, ndaga kwa kazi yako. Mimi ni mwalimu Tukuyu. Niliwaona Tukuyu Stars wakichukua ubingwa wa nchi 1986 na nimeona pia baadhi yao walivyoishi baadaye. Hao wa Uingereza wa madaraja ya chini wakimaliza mpira wanakuwa wageni wa nani?

Shikamoo Mwalimu. Ndaga fijo na mimi, mwaka 86 nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni lakini baba aliusimulia ule ubingwa kama vile alifunga yeye, timu imepanda tu, ikaja ikawapita Simba na Yanga.

Jibu fupi ni kwamba wanarudi kazini kama watu wengine. Mwenye miaka 34 aliyekaa League Two maisha yake yote hana akiba ya kumlisha mpaka uzee, basi anasomea ukocha, anakuwa mwalimu, dereva, anafungua gym, anafanya kazi za ujenzi na shemeji yake. Chama chao kinasaidia ada za masomo, na wanaowahi kusoma kabla miguu haijachoka ndo wanaopona.

Ila ngoja nikupe mmoja wa zamani maana wewe ni mwalimu utajua cha kumfanyia. Arthur Wharton, kazaliwa Accra 1865, mweusi wa kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa Uingereza. Kipa. Na mbio pia, 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 bila nukta, akawa bingwa wa nchi. Akadakia Preston, Rotherham, Sheffield United, Stockport, kule katikati ya umaarufu na njaa. Mpira ulipoisha akaingia mgodi wa makaa ya mawe Yorkshire, akafa Desemba 1930 hana kitu, akazikwa Edlington kaburi la maskini lisilo na jina. Jiwe la kaburi limewekwa 1997, miaka 67 baadaye. Mi nikilikumbuka hilo kaburi sipati usingizi kirahisi. Wanafunzi wako waambie wahesabu hiyo miaka wenyewe ubaoni.

Mwanangu, habari za kazi. Mimi ni mama wa Uyole nalima viazi. Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, mpira anaujua kweli siyo mimi mama yake tu ninayesema. Kuna wakala amemwona mashindano ya shule, ameleta barua ya timu ya daraja la nne Uingereza wanamwita majaribio, anataka milioni 4 na nusu za viza na tiketi kabla ya mwisho wa mwezi. Nina viazi ghalani na ng'ombe wawili. Baba yake anasema niuze, mimi moyo unakataa.

Shikamoo mama. Moyo wako una akili, usiuze.

Ile picha ya barua uliyonitumia nimeikuza kwenye simu nikaiangalia kama daktari wa macho. Nembo ya klabu imevutwa mpaka imekuwa nene upande mmoja. Aliyesaini ameandikwa Meneja, jina hamna. Na chini kabisa pa kulipia ni namba ya simu ya hapahapa nchini kwa jina la mwanamke. Mama, klabu ya Uingereza gani inapokea hela ya viza kwa wakala wa pesa za simu pale sokoni?

Lakini tuseme hata barua ingekuwa nzuri kama ya benki. FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama kutoka nchi moja kwenda kucheza nchi nyingine, ina misamaha michache tu, mfano wazazi wamehamia huko kwa sababu zao zisizo za mpira. Uingereza baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2021, klabu zake haziwezi kusajili hata mtoto wa Ufaransa aliye chini ya 18. Sasa wa Uyole atapitia mlango gani?

Akifika 18 nako siyo kupanda basi. Mgeni anahitaji kibali cha chama cha soka cha kule, na kibali kinahesabiwa kwa pointi, umecheza timu ya taifa mara ngapi, taifa lako lina nafasi gani duniani, ligi unayotoka ina kiwango gani. Ndo maana nawaambia vijana League Two ni ngumu kwa Mtanzania wa hapa kuliko hata Ubelgiji, wanadhani natania kwa vile ni daraja la nne. Wale Mnoga na Yussuf wamekulia kulekule. Samatta mwenyewe aliondoka Simba 2011, akakaa Mazembe, akachukua ubingwa wa Afrika 2015, akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji, Uingereza kaingia 2020. Miaka 9, na ni Samatta.

Nikuambie na langu. 2004 kuna mtu alituchukua vijana watano kutoka hapa Mbeya, kila mmoja katoa laki mbili, mimi mama aliuza mchele wa Kyela gunia tatu. Tukashushwa Ubungo usiku, tukalala guest chumba kimoja, wawili kitandani watatu chini. Asubuhi tunapiga simu, anasema nipo kwenye foleni. Mchana, nipo kwenye foleni. Siku tatu mama, foleni ya siku tatu, viatu vya mpira tumevishika mkononi kwenye mifuko ya rambo tunasubiri gari la kutupeleka uwanjani. Siku ya nne simu haipatikani. Nilirudi kwa lifti ya lori la mbao na mama hakuniuliza kitu, alinipakulia tu chakula.

Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, siku hizi wanafanya mtihani kuipata, na majina yao yapo kwenye orodha ya FIFA mtandaoni, kijana wako ataifungua kwa dakika mbili. Kwa mtoto lazima kuwe na idhini ya mzazi kwa maandishi, yaani saini yako wewe. Na hela yake anaipata mkataba ukipatikana, haitoki kwenye ghala la viazi.

Kijana amalize kidato cha nne, acheze UMISSETA, acheze timu ya vijana yoyote ya mkoa yenye kocha anayejulikana na wazazi wengine. Kama kipaji kipo kitaonekana hapa kwanza. Baba yake mpe simu asome hapa mwenyewe, maana wanaume tukiambiwa na mke tunaona tunapangiwa.

Na huyo bwana akikupigia tena usigombane naye. Mwombe jina lake kamili kama lilivyoandikwa kwenye ile orodha ya FIFA, herufi moja moja, sema unaandika. Af nyamaza usikilize anavyokohoa.